Karata za Picha na Uso wa Mama Mkwe

"Mtu anayechezea sura ya mama mkwe wake amekwisha kumvua heshima, na kwa ugonjwa kama huo hakuna dawa ila kiberiti." Maneno hayo si yangu. Ni ya Bwana Constantin Kalaba wa mtaa wa Kenya hapa hapa Élisabethville, tuliyoyachapisha katika ukurasa huu wiki iliyopita. Bwana Kalaba hakuziona karata anazozihukumu. Alisikia habari zake kwenye kituo cha reli, kwa mtu aliyesikia kwa mwingine, akaenda nyumbani na kuandika kurasa tatu. Nilizichapisha zote tatu, kwa sababu mtu mwenye makosa mengi namna ile anastahili kupewa nafasi ya kutosha. Leo mshtakiwa mwenyewe ameandika, na ameomba majina yasifichwe. Someni barua yake kwanza. Baadaye mimi na Bwana Kalaba tutamalizana.

Élisabethville, 14 Agosti 1954

Mshauri wetu mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa na aibu, maana mimi ndiye yule ambaye Bwana Kalaba alimtaja bila jina katika gazeti la Alhamisi, na nataka unishike mkono kabla ya Jumamosi tarehe 28, kwa sababu siku hiyo lori la Kasomeno litampakia mama mkwe wangu arudi kwao, na mke wangu Virginie atabaki na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka mitatu ya ndoa, bila mama yake karibu, na kosa lote ni langu, au labda si langu, na hilo ndilo ninalotaka kujua.

Naitwa Rigobert, baba yangu alikuwa fundi wa reli aliyetoka Kabongo, nakaa mtaa wa Commune Albert, na kazi yangu ni katika studio ya foto ya Mugreki mmoja mjini, ambako mimi ndiye ninayeosha picha katika chumba cha giza, na Jumapili mchana bwana ananiachia mashine ya zamani yenye miguu mitatu pamoja na karatasi zilizopita muda wake, nifanye nitakalo. Binti yake ana mchezo wa karata uliotoka Ulaya, kila picha iko mara mbili, unazipanga zote kifudifudi, unafunua moja, unafunua nyingine, zikifanana unazichukua na unacheza tena, zisipofanana unazirudisha pale pale na kila mtu anajitahidi kukumbuka zilikuwa wapi. Mchezo ni mzuri, lakini picha zake zilikuwa za mtu wa theluji na kinu cha upepo na viatu vya mbao, na siku nilipouazima nikaupeleka nyumbani watoto wa jirani yetu Martine walibishana nusu saa kama kile kinu ni ndege iliyoanguka, basi nikasema nitatengeneza wa kwetu.

Nikapiga picha za vitu tunavyoviona kila siku, bomba la maji la pembeni na ndoo zinazosubiri zamu, kichuguu kilicho nyuma ya shule, pasi ya makaa, baiskeli yangu, kikapu cha viwavi vilivyokaushwa, dohani ndefu ya kiwanda, cherehani ya fundi nguo, mbwa wa Martine ambaye hakutulia na akatokea ana vichwa viwili, nikaziosha zote mara mbili mbili, nikazibandika kwenye kartoni kwa uji wa muhogo, zikawa jozi ishirini na tatu, na nilitaka ishirini na nne ili zipangike mistari sita ya karata nane nane, lakini karatasi zikaniishia.

Mwezi wa sita Mama Chileshe, mama mkwe wangu, akaja kutoka Kasomeno kumtunza binti yake. Kwao, kama kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu, hivyo nikirudi kazini napiga mluzi tangu kwenye uzio ili apate wakati wa kuingia chumbani, halafu nakohoa mlangoni, na Virginie ametundika pagne kubwa, kitenge chake, kati ya chumba na sebule, na mimi nalala sebuleni, na nakuhakikishia tumeishi hivyo vizuri kabisa, chakula chake kimeninenepesha hata bwana wangu kazini ameuliza.

Jioni moja Virginie na mimi tulikuwa tunacheza juu ya mkeka, na ile pagne ni fupi, haifiki chini, inaacha nafasi ya shubiri mbili, na mama alikuwa amekaa upande wa pili akichambua maharagwe, mara nikaona mwiko wa bukari, ugali wetu wa huku, umetokea chini ya pagne, ukagonga karata moja ya mstari wa tano. Virginie akaifunua, pasi. Mwiko ukavuka mkeka mzima ukagonga karata nyingine, pasi. Tangu siku hiyo tukawa wachezaji watatu. Yeye anaonyesha kwa mwiko, binti yake anamfunulia, mimi nauona mkono wake tu, na akitaka kunitania anapitia kwa Virginie kwa sauti ambayo hata Martine anaisikia uani kwake:

"Virginie, ambia bwana yako bukari inapola. Ye iko anafikiri bado?"

"Virginie," namjibu kwa njia ile ile, "ambia mama muntu wa foto haangalii mbio-mbio."

"Bon, umwambie aangalie polepole vile mi nazikamata zote."

Na kweli anazikamata zote. Kwa miezi miwili nimemshinda mara moja, siku alipokuwa na homa.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Virginie alitaka picha ya mama yake, basi Jumapili moja ya mwezi wa saba tukaenda studio, wao mbele na mimi nyuma hatua mia, na huko tukafanya hivi: mama akakaa kwenye kiti akitazama ukuta, mimi nikaingia chini ya kitambaa cheusi cha mashine, Virginie akasema, "Mama, geuka, amekwisha kuingia," mama akageuka, nikapiga, mama akageukia ukuta tena, wakatoka, na mimi nikabaki chini ya kitambaa nikitoka jasho mpaka nilipoitwa. Nilijiambia kwamba sikumwona, kwa sababu katika kioo cha mashine ile mtu anatokea kichwa chini miguu juu, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwita mama mkwe. Lakini, Mshauri, nilimwona. Nilimwona tena katika maji ya dawa, akitokea polepole juu ya karatasi, na badala ya kuogopa nilifurahi, maana ana uso wa Virginie mwenyewe, ila wenye miaka mingi zaidi. Niliosha mbili, moja ya kutundika ukutani na moja arudi nayo Kasomeno. Virginie akazichukua zote mbili, akazibandika kwenye kartoni, akasema jozi ya ishirini na nne imepatikana, mama akacheka nyuma ya pagne, na mimi sikukataa. Tulikubaliana tu kwamba sura ya mama ikifunuliwa mimi nigeuze macho, na jozi ile aichukue mmoja wao.

Jumapili ya tarehe mosi mwezi huu akaja mjomba wa Virginie, Musonda, mdogo wake mama, mfanyakazi wa reli kule Sakania, na kwao mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alikuta karata ziko chini, akauliza ni nini, akavua viatu, akaingia mchezoni. Akapata jozi ya kofia yake mwenyewe ya reli, niliyoipiga picha siku ya Pasaka akiwa amelala, akacheka hadi akapangusa machozi. Zamu yake iliyofuata akafunua sura ya dada yake, akaitazama, akaiita kama anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya! Na wewe uko humu?" akatafuta ya pili, akapata mbwa, akazirudisha zote mbili kifudifudi. Ikawa zamu yangu. Na mimi nilijua ya pili iko wapi, na mtu aliyepigwa miezi miwili na mwiko, siku akijua, hana akili nyingine kichwani, nikafunua ile ya mama, nikafunua ya pembeni, mama tena, nikazipiga magotini kwangu na kupaza sauti kama tunavyofanya siku zote:

"Nimemukamata!"

Mwiko ukasimama. Musonda naye akasimama.

"Unamukamata nani?"

"Mujomba, iko karata tu."

"Nakuuliza jina. Unamukamata nani?"

"Mujomba, ni muchezo," Virginie akasema.

"Weye Virginie, nyamaza. Ile iko dada yangu, tulinyonya ziwa moya. Miaka tatu huyu bwana hakuli naye, hamusalimii, leo anamukamata na kumuweka pa magoti sawa kuku ya soko!"

Nyuma ya pagne ikatoka sauti, fupi, kama mtu aliyekabwa, na Musonda akasema unaona, umemliza. Mpaka leo sijui kama mama alilia. Virginie alikuwa karibu naye, anasema tu kwamba mama alijaza kitambaa kinywani, na nikimwuliza kwa nini, ananijibu, "Umuulize ye mwenyewe," huku akijua kabisa kwamba siwezi.

Musonda akakata shauri papo hapo: atarudi tarehe 28, nizichome karata zote mbele yake, nisipozichoma atampandisha dada yake kwenye lori. Nilikuwa tayari kuzichoma. Lakini Virginie amesema siku nitakapotia moto uso wa mama yake, yeye pia atapanda lori hilo hilo, na mtoto atazaliwa Kasomeno. Basi nikichoma nampoteza mke, nisipochoma mke anampoteza mama. Na mama mwenyewe, tangu siku ile mwiko hautokei tena chini ya pagne. Juma lililopita alishona mfuko mdogo wa kitambaa kizuri, wenye kamba ya kufungia, akazitia karata zote ndani na kuuweka mlangoni upande wangu, nami naogopa ni namna yake ya kuniambia nivitoe vitu hivi nyumbani.

Kuna jambo dogo, labda halihusiani. Watu wa Virginie walinitumia neno mara mbili kwa mshenga wangu, Mzee Léonard seremala, wakitaka kufanya kile chakula chao cha kumwingiza mkwe, mara moja mwaka wa kwanza na mara moja Pasaka hii, na niliwajibu kwa adabu kwamba sisi tulifunga ndoa kanisani na cheti tunacho, na kwamba mtu aliyesoma hahitaji kulishwa mbele ya watu ndipo awe mkwe.

Nichome au nisichome?

Rigobert, Commune Albert

Rigobert,

Usichome kitu. Hilo ni jibu la swali uliloniuliza. Nitakujibu na lile ambalo hukuuliza, lakini ngoja nimalizane na Bwana Kalaba.

Bwana Kalaba, unasema picha inavua heshima. Basi nusu ya sebule za Albert, za Kenya na za Katuba ziko uchi, maana katika kila moja kuna mama wa mtu ndani ya kioo, na wakwe wanakula chini yake na kuchokonoa meno. Watoto wa katekismu wanabadilishana picha za watakatifu chini ya dawati, Antoni wawili kwa Teresa mmoja, na sijasikia padri yeyote akiitisha moto. Karatasi haina mikono ya kumvua mtu wala kumvalisha. Mwenye mikono ni mtu, na asiye na adabu atamdharau mama mkwe wake hata kama nchi nzima haina mashine moja ya foto. Umeandika kurasa tatu juu ya kartoni na uji wa muhogo. Juu ya yule mama hukuandika hata mstari mmoja, wala hukuuliza anasemaje.

Halafu unaita dharau yako mila. Mila gani? Unaijua nusu. Desturi inayomkataza mwanamume kumtazama mama mkwe wake haikufanywa iwe ukuta hadi kaburini. Ilifanywa ikiwa na mlango wake, na mlango huo ni chakula kile kile ambacho Rigobert amekitaja kwa haraka na kukikimbia. Watu wa mke wanapika, wanamwita mkwe, wanamfunulia sufuria moja baada ya nyingine na kumweleza maana ya kila moja, wanamlisha mbele ya mama mkwe, na kuanzia siku hiyo wanasalimiana, wanakaa meza moja, anamwita mwanangu. Waliotuachia katazo ndio waliotuachia na mwisho wake. Ninyi mnaojiita walinzi wa mila mmeshika katazo kwa mikono miwili na chakula mmekiacha kipoe. Nimesoma vitabu vya wazungu wanaotueleza jinsi tulivyo, nao wanafanya kosa lile lile: wanaandika kurasa kumi juu ya mkwe anayekimbia kichakani, na juu ya siku anayoitwa kula, nusu ya mstari. Wao wana udhuru, walipita kwa gari. Wewe, Bwana Kalaba, una udhuru gani?

Sasa wewe, Rigobert.

Barua yako ni ndefu, na jambo kubwa umeliweka mwishoni na kuliita dogo. Walikuita mara mbili. Mara mbili ulimrudisha Mzee Léonard na sufuria za watu. Ukajibu kwa cheti. Cheti cha ndoa nakiheshimu, kinakufunga wewe na Virginie mbele ya Mungu na mbele ya serikali, lakini hakijamwambia Mama Chileshe akuite mwanangu, wala padri hakudai hivyo. Ulijiona umesoma kupita chakula chao. Ajabu ni kwamba kupita katazo lao hukusoma! Unapiga mluzi kwenye uzio wa nyumba yako, unakohoa mlangoni kwako, unatoka jasho chini ya kitambaa cheusi, unalala sebuleni miezi miwili. Ulichukua kazi yote ya desturi ukaikataa karamu yake. Msomi wa namna gani anayechagua hivyo?

Na tafadhali usimwambie mtu mwingine habari za kichwa chini miguu juu. Ulimwona. Umeandika mwenyewe kwamba ulimwona na ulifurahi. Kufurahi kwako hakukunikera hata kidogo, ni sehemu nzuri kuliko zote katika barua yako. Mwanamume anayeona uso wa mama mkwe wake ukitokea ndani ya maji na kuutambua uso wa mke wake, huyo hakumvunjia mtu heshima. Kosa lako la tarehe mosi ni kelele tu: ulipiga karata za mama wa watu magotini kwako na kushangilia mbele ya mdogo wake. Kwa hilo utaomba radhi, na utaomba kwa maneno machache.

Unaniuliza kama mama alilia. Ndugu yangu, wewe unajipatia riziki kwa macho, na hukuona kitu! Mwanamke anayekutania kwa miezi miwili kupitia pagne, aliyecheka binti yake alipombandika kwenye kartoni, anasikia mkwe wake akipiga kelele "Nimemukamata!" na mdogo wake akiuliza kwa hasira "Unamukamata nani?" Anajaza kitambaa kinywani. Watu wanaolia hawahitaji kitambaa kinywani, wanakiweka machoni. Alikuwa anacheka, na alijizuia ili asimwaibishe mdogo wake mbele yako. Hiyo ni heshima, Bwana Kalaba, iandike kwenye ukurasa wa nne.

Na ule mfuko? Unaogopa kwamba anakufukuzia karata zako. Hakuna mwanamke anayekaa siku nzima na sindano, mwenye macho ya umri wake, akachagua kitambaa kizuri na kutia kamba, kwa ajili ya kitu cha kutupa. Ameshona kwa sababu anataka kitu hicho kidumu. Akakiweka upande wako wa mlango. Mtu asiyeruhusiwa kusema nawe angesemaje zaidi ya hapo?

Virginie amekwisha kukuambia kila kitu kwa maneno matatu: "Umuulize ye mwenyewe." Ukadhani anakufanyia mzaha. Alikuwa anakuonyesha njia. Njia ya kumwuliza mama mwenyewe ipo, inapitia kwenye chakula ulichokataa, na mke wako, mwenye tumbo la miezi saba, amechoka kuwa mdomo wa watu wawili wanaopendana.

Hasira ya Musonda pia uisome vizuri. Alicheza nawe bila viatu. Alicheka alipojipatia kofia yake. Sura ya dada yake aliifunua yeye kabla yako na hakuona kosa, aliiamkia! Alipolipuka, lawama ya kwanza iliyomtoka haikuwa juu ya picha. Alisema, "Miaka tatu hakuli naye, hamusalimii." Hilo ndilo donda. Umemkataa mara mbili mbele ya watu wake, na yeye ndiye mwenye neno. Amekuona unaikamata sura ya mtu ambaye mwenyewe umekataa kumkaribia. Kiberiti anakidai kwa sababu hawezi kuomba chakula mara ya tatu.

Basi sikiliza. Gazeti hili likifika mikononi mwako, usimalize kunywa chai. Nenda kwa Mzee Léonard. Mwombe apande treni ya Sakania kabla ya Jumatatu, wewe usiende, maana mkwe hajipeleki. Aseme kwa niaba yako: mtoto alikataa chakula mara mbili kwa ujinga, sasa ana njaa, anaomba aitwe. Asiongeze mahubiri. Cheti asikitaje. Za mashine ya foto asizigusie kabisa. Na kama Musonda atamweka mlangoni saa mbili kabla ya kumjibu, Mzee Léonard akae hapo mlangoni saa mbili, wewe umewakalisha miaka mitatu.

Nyumbani, toa zile karata mbili za mama kwenye mfuko, mpe Virginie azishike hadi siku ya chakula. Jozi ishirini na tatu zinatosha kwa sasa, na mistari yako ikipungua haitamwua mtu. Siku utakapokwisha kula, zirudishe. Hapo utaitazama sura hiyo na mwenye sura pia, mkiwa mmekaa mkeka mmoja, naye atakupiga vibaya zaidi kwa sababu hatahitaji mwiko.

Na endelea kutengeneza karata. Piga picha za soko, za reli, za wanawake wa bomba. Nimechoka kuona watoto wa jua hili wakikariri mtu wa theluji. Mtoto wako atakapojifunza kukumbuka, akumbuke kichuguu anachokipita akienda shule.

Na wewe sina neno tena. Nililo nalo ni la Musonda wa Sakania, na la kila mjomba na kila kaka wa mke anayesoma gazeti hili kutoka hapa hadi Kasomeno, mwenye mkwe anayekohoa mlangoni mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi. Kila Jumapili mnalia kwamba vijana wa mjini wamepotea. Kijana akikataa mara mbili kwa kiburi cha shule, mnaweka sufuria juu ya kabati na kukaa kusubiri akosee tena, mpate sababu. Sababu mnazo nyingi. Wajukuu wanazaliwa huku bibi zao wamekaa nyuma ya mapazia. Nawataka, juma hili hili, kila mmoja wenu atume neno la tatu kwa mkwe wake, na neno la nne likihitajika. Wewe Musonda, una hadi tarehe 28. Mzee Léonard akishuka kwenye treni, usimwulize kama karata zimechomwa. Mtajie siku ya kula.